Tusiwape Wastaafu Viti



Katika mkutano wa tawi letu mwezi uliopita tulizungumza habari ya ndugu zetu wanne wanaostaafu mwaka huu. Kama ilivyo desturi, mkutano ulikubali upesi sana kwamba kila mmoja apewe kiti kizuri chenye mito, pamoja na blanketi moja. Mimi nilisimama nikapinga kiti. Watu walicheka, na Bwana Mwenyekiti akasema saa zimekwisha, mwenye neno aandike katika karatasi ya chama. Basi neno ninalo, na ninaliandika.

Mimi ni mtu wa gengi. Kazi yangu ni kutengeneza njia ile ya zamani ya mita moja: mataruma, kokoto, misumari na mifereji ya maji. Umri wangu ni miaka 36, na shule nilisoma kwa wamisheni mpaka darasa la nane. Siandiki kama daktari. Naandika kama mtu ambaye tangu aingie reli amekwenda kuwatazama wazee wa gengi makwao baada ya kustaafu, maana nyapara wetu wa kwanza alitufundisha kwamba mtu aliyekuonyesha kazi humtupi siku anaporudisha nguo za kazi. Na katika kuwatazama huko nimeona jambo moja mara nyingi mno, wala siwezi kulinyamazia.

Jambo lenyewe ni hili. Mtu ameamka saa kumi na moja alfajiri kwa miaka 30. Ametembea juu ya mataruma jua na mvua, akiikagua reli kwa jicho, akiigonga kwa nyundo na kusikiliza sauti yake. Siku anapofika miaka 60 tunampigia makofi, tunampa kiti, naye anakwenda nyumbani. Huko watoto wanasema, baba amechoka, apumzike. Kiti kinawekwa chini ya mwembe. Maji ya kunawa yanaletwa pale pale. Chakula kinaletwa, redio inaletwa, na akitaka kiberiti anatumwa mjukuu. Hakuna ubaya wowote mioyoni mwa watu hao. Wanaita jambo hili heshima, na kweli ni heshima. Lakini mwaka wa pili ukifika, mzee anainuka kwa kushika mkono wa mtu. Mwaka wa tatu hafiki sokoni. Mwaka wa nne kuna binti ameacha kazi yake mjini ili arudi nyumbani kumshika baba yake akienda chooni. Watu wanasema ni uzee. Mimi nasema si uzee peke yake, ni kiti pia.

Sasa tazameni mama wa nyumba ile ile. Umri wao ni karibu mmoja. Yeye hakuna aliyempa kiti wala aliyempigia makofi. Bado anakata majani ya ng'ombe, anakwenda kanisani kwa miguu, yuko katika chama cha akina mama, na kukiwa na msiba kijijini ni yeye anayeinama juu ya sufuria kubwa mpaka usiku. Katika miaka 70 anachuchumaa na kuinuka bila kushika ukuta. Tunapenda kusema kwamba wanawake wameumbwa na nguvu ya ajabu. Mimi nafikiri ni kwamba hawakupewa nafasi ya kukaa. Sisemi mizigo mizito ni dawa, maana mama zetu wengi migongo yao imeharibika kwa kubeba maji na kuni, na kama kuna mtu anayestahili kupumzishwa mzigo ni wao. Nasema tu kwamba mwendo umewahifadhi, na kukaa kumewaharibu waume zao, na wote wawili walikuwa wakila chungu kimoja.

Wako watakaosema huyu wa gengi anazua maneno. Basi niwape habari ya watu wa kazi kama yetu, waliopimwa na madaktari kwa hesabu. Mwaka 1953 daktari mmoja Mwingereza, Jerry Morris, alitangaza katika gazeti la madaktari la The Lancet mambo aliyoyaona kwa wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Aliwachukua madereva na makondakta. Watu hawa walikuwa wa hali moja, waliajiriwa mahali pamoja, walizunguka katika mabasi yale yale. Tofauti kubwa ilikuwa moja: dereva alikaa karibu zamu yote, na kondakta alipanda na kushuka ngazi zamu yote akikata tikiti. Ikaonekana makondakta walipatwa na ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva, na wale waliopatwa, waliupata wakiwa wamezeeka zaidi. Baadaye, mwaka 1956, Morris na wenzake walitazama hata vipimo vya suruali za kazi katika madaftari ya nguo, wakaona madereva walikuwa na viuno vipana zaidi. Napenda sana jambo hilo, maana ni mtu anayeogopa kudanganywa na hesabu yake mwenyewe. Morris aliendelea kutembea na kuogelea katika uzee wake, akafa mwaka 2009 akiwa na miaka 99.

Na watu wa reli hasa wamepimwa. Huko Marekani, mwaka 1962, Henry Taylor na wenzake walitoa hesabu ya vifo vya wafanyakazi wa reli wa makundi matatu: makarani wa ofisini, watu wa kupanga mabehewa, na watu wa gengi. Waliokufa zaidi kwa ugonjwa wa moyo walikuwa makarani. Wa kati walikuwa wapanga mabehewa. Waliokufa kidogo walikuwa watu wa gengi. Ndugu makarani msinikasirikie, sikuiandika mimi. Lakini nawauliza wenzangu wa gengi, ikiwa mwendo ulitulinda miaka 30, ni akili gani hii ya kuukata kwa siku moja kama mtu anayezima taa?

Tuache moyo, tuzungumze juu ya miguu. Nchi yetu ilipata Uhuru mwaka 1963, lakini mzee asiyeweza kwenda chooni peke yake bado anatawaliwa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Neno hili si zuri kuandikwa, lakini kila mtu anajua ni kweli. Vyoo vyetu vingi nyumbani ni vya shimo, vya kuchuchumaa. Anayeshindwa kuchuchumaa na kuinuka, mambo yake ya siri yote yamekwisha kuwa ya watu wengine. Tena kuna kupanda matatu, ambayo haimngoji mtu. Kuna kubeba ndoo nusu kutoka kwenye tangi. Kuna kuinuka kutoka chini ukianguka. Hiyo ndiyo mitihani ya mzee wa Kenya, na yote ni mitihani ya mapaja.

Misuli ya mtu huanza kupungua pole pole baada ya miaka 30 hivi, nami nimekwisha kuingia katika hesabu hiyo, na baada ya 60 hupungua kwa haraka zaidi. Lakini misuli ina tabia njema kuliko chuma: chuma kikilika hakirudi, msuli ukitumiwa hurudi, hata kwa mtu wa miaka 80. Shirika la Afya la Dunia lilitoa maagizo yake mwaka 2020, likisema watu wa miaka 65 na zaidi wapate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kila wiki, na siku 3 au zaidi za kuzoeza nguvu na kusimama imara ili wasianguke. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Mtu wa gengi anaimaliza kabla ya chai ya asubuhi.

Kuna kipimo kimoja ambacho kila mtu anaweza kujifanyia nyumbani, tena hakina gharama. Keti katika kiti kisicho na mikono, weka mikono yako kifuani, usimame wima na kukaa tena, uhesabu mara ngapi unaweza kwa nusu dakika. Mwanamume wa miaka 60 hadi 64 asiyefika mara 14, na mwanamke wa umri huo asiyefika 12, miguu yake imeanza kuwa chini ya wenzake. Hiyo ndiyo kazi pekee ya kiti ambayo mimi naikubali. Tulijaribu kipimo hicho karakanani wakati wa chakula, na sitawataja vijana wa miaka 25 walioaibika.

Basi mtu atauliza, kama ni miguu tu, kwa nini mzee asifanye mazoezi asubuhi uani kwake? Afanye, hakuna anayemzuia. Lakini nionyesheni mzee mmoja aliyestaafu reli, huko Butere au Voi au Molo, anayeruka ruka uani pake mbele ya wakwe zake kwa miezi sita mfululizo. Mtu hatembei kwa sababu ya dakika 150. Mtu hutembea kwa sababu kuna mahali anapokwenda, na kuna mtu huko atakayeuliza, mbona leo hakuja? Wahenga walisema mtembea bure si sawa na mkaa bure, lakini afadhali kuliko wote wawili ni mtembea kwa shughuli. Ndiyo maana nazungumza habari ya kujitolea.

Huko Marekani, katika mji wa Baltimore, watu wa miaka 60 na zaidi waliingizwa katika shule za msingi kusaidia watoto kusoma, kwa saa 15 kila wiki. Kazi hiyo iliitwa Experience Corps. Najua swali mtakaloleta: labda wanaojitolea ni wale wenye nguvu tangu mwanzo, kwa hiyo bila shaka wataonekana wazima. Watafiti walilifikiria swali hilo. Waliwagawanya watu kwa kura, hawa waende shuleni, hawa wasiende, ndipo wakalinganisha. Wanawake waliopelekwa shuleni walionekana kuendelea kutembea zaidi kuliko wenzao wa kundi la pili. Hakuna aliyewaambia wafanye mazoezi. Walikuwa wakienda kwa watoto tu, na ngazi za shule, njia na kituo cha basi zikafanya kazi yake.

Sisi tunazo kazi za namna hiyo tele. Fikirini juu ya watoto wanaovuka reli. Njia yetu inapita katikati ya Kibera, inapita masokoni, inapita kando ya shule nyingi kutoka pwani mpaka ziwani. Watoto wanacheza juu ya reli, wanatembea na vidude masikioni, wanadhani treni itasimama kama gari. Nani awezaye kuwaeleza kwamba treni iliyobeba mzigo huchukua umbali mrefu sana kusimama hata dereva akifunga breki zote, kuliko mtu aliyeiona kwa macho miaka 30? Mzee mmoja na bendera yake nyekundu, akiingia darasani mara moja kwa wiki, watoto watamsikiliza kuliko tangazo lolote la ukutani. Na ili aifikie shule hiyo sharti atembee.

Au fikirini habari ya makaratasi. Oktoba 2024 mambo ya bima ya hospitali yalitoka NHIF yakaingia SHA, na kujiandikisha ni kwa simu. Wajane wa wenzetu wangapi hawajui wamefika wapi? Karani mstaafu aliyejaza fomu maisha yake yote anaweza kuwazungukia nyumba kwa nyumba, na faili la marehemu likamalizika bila mjane kumlipa dalali. Kuna pia kuwatembelea wagonjwa, ambayo zamani katika landhi ilikuwa desturi bila kuandikwa na mtu, maana tulikaa mlango kwa mlango. Siku hizi kila mtu amekodi chumba chake mbali, na mgonjwa hujulikana siku ya mazishi.

Sasa nafika mahali ambapo baadhi ya viongozi wetu wamenikataza nisiseme kwa sauti, lakini ndipo penye jambo lenyewe. Neno kujitolea ni tamu sana katika masikio ya wenye kazi. Neno harambee, kabla halijawa la nchi nzima, lilikuwa la mahamali wakivuta mzigo pamoja, na hamali alilipwa. Namjua mzee aliyestaafu ulinzi wa kivuko. Mahali pake hapakuajiriwa mtu. Mwajiri mmoja, ambaye simtaji, alimwita akamwambia, mzee wewe umezoea, njoo utusaidie kutazama geti asubuhi na jioni, tutakupa ya chai. Mzee alifurahi kuitwa. Akafanya hivyo karibu mwaka mzima, kwa chai. Kijana mmoja wa kijiji kile, mwenye cheti, alikuwa nyumbani bila kazi muda wote huo. Na kama mzee angegongwa pale, nani angelipa? Hakuwa mfanyakazi. Sheria ya mafao ya majeraha kazini ya mwaka 2007 isingemjua.

Huko hakuitwi kujitolea. Ni mshahara ulioliwa. Kwa hiyo natoa kanuni, nayo naomba chama kiiandike: kazi yoyote ambayo mtu aliajiriwa kuifanya, au inapasa aajiriwe kuifanya, mstaafu wetu haifanyi bure, hata akiombwa kwa magoti. Geti la kivuko ni kazi. Kufundisha wanafunzi wa karakana kila siku ni kazi. Kuwaeleza watoto wa shule habari ya treni si kazi ya mtu yeyote katika orodha ya mishahara, na mjane kutembelewa hakumnyang'anyi kijana mkate wake. Mpaka hauko wazi kila mahali, nakubali, na patakuwa na ugomvi. Basi uletwe chamani, ndiyo kazi ya chama.

Tena tuna mfano mkubwa mbele ya macho yetu. Kwa miaka mingi wahudumu wa afya wa vijijini walipita nyumba kwa nyumba wakiitwa watu wa kujitolea, wengi wao akina mama, wakifanya kazi ambayo bila wao zahanati zisingejua nani anaumwa. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu 100,000 wa namna hiyo pamoja na mikoba ya vifaa, na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Mimi nasema afadhali, lakini shilingi 5,000 kwa mtu anayetazamia kaya zake mwezi mzima, mtu wa chama anaweza kuzitazama bila kushangilia. Jambo ambalo ni la lazima kila siku, nalo lina ripoti na mkubwa wa kulisimamia, hiyo ni kazi, liitwe jina lolote.

Na kuna jambo la njaa. Mmoja wetu aliniambia baada ya mkutano, wewe unataka wazee wajitolee, na wengine hawajaona hata senti ya malipo yao. Amesema kweli. Mwaka 2006 reli ilipokodishwa kwa kampuni, maelfu ya wenzetu walipunguzwa kazi, na mkataba ule ulikuja kufa mwaka 2017, lakini waliopunguzwa hawakurudishiwa miaka yao. Serikali ilianza mwaka 2018 kuwapa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi, nayo haimfikii mtu wa miaka 62. Katiba ya 2010, kifungu cha 57, inasema serikali ihakikishe wazee wanashiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, wanaishi kwa heshima, na wanapata matunzo ya haki kutoka kwa jamaa na serikali. Angalieni kwamba kushiriki kumetajwa, wala si kulishwa tu. Lakini mtu hashiriki akiwa hana nauli. Kwa hiyo chama kisichopigania malipo ya wastaafu kisije na maneno haya ya kujitolea hata kidogo, maana yatakuwa dhihaka. Malipo kwanza. Na hata yakipatikana, nauli na chai ya mzee anayekwenda shule au kwa mjane zitoke katika mfuko wa tawi. Nauli si mshahara, ni kumwondolea mtu gharama ya wema wake.

Niseme pia habari ya wale ambao miili yao reli imekwisha kuila. Makarani wakisikia hesabu ile ya Marekani wasidhani mtu wa gengi anafika miaka 60 akiwa kama mwana riadha. Moyo wake huenda ni mzuri, lakini mgongo na magoti vimechakaa kwa kuinua taruma na kupiga nyundo, na masikio yamekufa. Kazi nzito ya saa nane bila pumziko si sawa na mwendo wa mtu anayejipangia hatua zake. Mzee wa namna hiyo hatumpeleki maili tano. Atakwenda mia mbili mita mpaka kwa jirani kumsomea barua, akipumzika njiani, na wiki ijayo mia tatu. Akihitaji fimbo achukue fimbo. Hapa kwetu watu huona aibu ya fimbo, wanajikaza bila fimbo, kisha wanaanguka wanavunja nyonga, na baada ya nyonga ni kitanda. Shirika la Afya la Dunia linahesabu watu 684,000 wanaokufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, na wengi wa wanaokufa hivyo ni wenye miaka zaidi ya 60. Mwenye fimbo na shughuli ni mtu huru. Mwenye kiti kizuri na hana pa kwenda ni mfungwa anayepelekewa chakula.

Na vijana wenzangu, hasa wa treni mpya iliyoanza mwaka 2017, msisome haya kama habari ya babu zenu. Wengi wenu kazi yenu ni ya kukaa mbele ya kioo, zamu nzima, katika chumba chenye hewa ya baridi. Ninyi ndio madereva wa London. Mtafika 60 mkiwa hata hamna ile akiba ya miguu tuliyo nayo sisi wa njia ya zamani. Umri wa kustaafu katika kazi za serikali ulipandishwa kutoka 55 mpaka 60 mwaka 2009, na hesabu ya watu ya 2019 ilipata watu zaidi ya milioni 2.7 wenye miaka 60 na zaidi katika Kenya. Wako wengi wanaoishi miaka 15 au 20 baada ya kustaafu. Huo ni muda wa utumishi mwingine mzima. Haufai kupangwa siku ya kuaga, kati ya hotuba na soda.

Ninaloomba mkutano ujao ulikubali ni dogo. Bei ya kiti kimoja inatosha viatu imara vya kutembelea, mwavuli, na nauli ya miezi kadhaa. Wapewe hivyo. Blanketi libaki, usiku ni baridi Limuru na Timboroa. Tena mtu asikabidhiwe zawadi yake mpaka aulizwe mbele ya mkutano ni shughuli gani moja ataishika, na iandikwe katika daftari la tawi pamoja na siku yake na jina la mtu atakayekuwa akimngojea huko. Asiyetaka asilazimishwe, na viatu vyake apewe vile vile. Asipoonekana mara mbili mfululizo, tawi litume mtu kwake, si kumdai, bali kujua anaumwa au la.

Katibu wetu amekwisha kutoa daftari lenyewe, la kurasa 96, liko katika kabati la ofisi. Wazee wawili kati ya wale wanne wameniambia watachagua shule zilizo karibu na reli, na mmoja ameuliza kama anaweza kubaki na bendera yake. Bendera ni mali ya reli, kwa hiyo nimemshonea fundi wa mtaani nyingine kwa kitambaa chekundu. Mzee wa nne anataka kiti. Naye nitazungumza naye Jumatano, siku yangu ya mapumziko, tukitembea.

Ni mimi,
Mtu wa Gengi